Mfuaji Asiyekaa Kanisani

Mfuaji wa nguo za kambi ya wafanyakazi wa gesi, pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, hakai kanisani. Hutoka zamu ya usiku moja kwa moja, vidole vimechunika kwa dawa ya madoa, na husimama kando ya ukuta ibada nzima. "Kaa, mama," Deolinda, jirani yake, humnong'oneza kila Jumapili. "Nikikaa nitalala, mwanangu," hujibu kwa sauti iliyokauka, "na nikilala leo, Jumapili ijayo usingizi utanishinda nisije." Mumewe aliuawa na waasi kwenye barabara ya Pundanhar.

Jumapili moja katekista anayeongoza ibada hakutokea. Alikuwa amewakimbia waasi, yeye na familia yake, kwenda mji wa Pemba, kusini. Waumini wachache waliobaki wakaanza kuinuka, Deolinda naye akajifunga kanga aondoke. Ndipo mfuaji akaanza Baba Yetu, peke yake. Alipofika "utakalo lifanyike," akakwama. Akafuta uso kwa kiganja, akaanza upya, akakwama tena palepale. Hakulia wala hakutoka, akaanza tena. Deolinda akarudi, akasimama ubavuni pake, na walipofika kwenye maneno yale akamsemea. Mfuaji akaendelea: "duniani kama mbinguni."