Mwenye Shimo Ziwani

Sikuwa nimelewa. Naanza na hilo kwa sababu nawajua nyie, mtasema mzee alikunywa pombe halafu akaona mambo. Siku ile nilikuwa nimekula ugali wa asubuhi tu, basi. Na giza halikuwepo. Ilikuwa jioni, jua bado linawaka juu ya matete, na kaka yangu Leonsi nilikuwa namwona vizuri kama ninavyowaona nyie hapa.

Ilikuwa miaka ya sabini, tumehamishiwa kijiji cha ujamaa huku Mpimbwe, nyumba bado zinanuka udongo mbichi. Mimi na Leonsi tulilima mpunga, na mvua zikianza tulikwenda Ziwa Rukwa kuvua magege, hao ambao kwingine wanaitwa perege.

Sasa nisikilizeni, maana tabia ya samaki huyu ndiyo iliyotuponza. Akitaka jike, dume anageuka mweusi. Anachimba shimo la duara kwenye matope kwa mdomo wake, anabeba, anatema pembeni, mpaka shimo linakuwa safi kama sahani. Halafu anakaa katikati na kunguruma. Mnacheka? Chomeka upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, kwenye matope, weka sikio kwenye ncha ya juu, utamsikia: grr, grr, grr. Jike akipenda anashuka, anataga, anayaokota mayai yake mdomoni na kwenda zake. Lakini akija dume mwingine, ni vita. Wanang'atana mdomo kwa mdomo mpaka mmoja akimbie.

Leonsi alijua kuuiga mngurumo ule. Aliweka midomo kwenye upondo, akanguruma kutoka kooni, na majike walikuja wenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kutupa wavu. Kijiji kizima kilimsifu.

Jioni ile tulikuta shimo ambalo sijaona mfano wake. Upana wake kama chumba cha kulala, chini hakuna hata jani moja. Na samaki hakuna, si dume, si jike.

"Kaka, tuondoke," nikamwambia. "Shimo hili silielewi."

Akacheka. "Wewe umeoa juzi tu, umeshakuwa mwoga? Mwenye shimo hili tukimpata, tunalisha harusi nzima."

Akainama kwenye upondo, akaita.

Jibu halikuja kwenye upondo. Lilikuja kwenye nyayo zangu, kupitia ubao wa mtumbwi, meno yakagongana. Halafu maji yakafunguka na mtu akasimama katikati ya shimo, maji kiunoni. Niaminini, mtu. Mgongo mweusi unang'aa, macho hayapepesi, midomo minene imepasukapasuka, na kwenye pembe za mdomo kuna matope mabichi.

Leonsi alilelewa vizuri, akamwamkia. "Shikamoo, mzee."

Yule akatema matope.

"Umewaita wake zangu," akasema.

"Hapana, mzee, sisi wavuvi tu, tunapita."

"Hapa kwangu. Nimechimba kwa mdomo wangu mwenyewe. Wewe umechimba nini?"

Nyie mngejibu nini? Leonsi alifungua mdomo ajibu, na yule mtu akaurukia. Akamkamata taya kwa meno, akamvuta kutoka kwenye mtumbwi kama mtu anayeng'oa muhogo. Nilishika upondo, nikampiga mgongoni kwa nguvu zangu zote, huku nasali Salamu Maria kwa sauti. Ilikuwa kama kupiga gunia la mpunga uliolowa. Hakugeuka hata kunitazama. Hasira yake yote ilikuwa kwa Leonsi. Alimzungusha majini, akamzungusha tena, kisha akamtema juu ya matete na kuzama. Maji yakatulia palepale.

Watu walisema ni mamba. Mamba anaulizaga maswali?

Hospitali walimrudishia taya mahali pake, na midomo ikapona. Lakini kaka yangu hakusema tena neno la binadamu. Alikuwa anakula, analima, anakwenda kanisani. Tukajifariji kwamba angalau yupo.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, mke wake, Yustina, alikuja kwangu mbio, kanga imelowa. "Shemeji, njoo umwone kaka yako."

Nilimkuta nyuma ya nyumba amepiga magoti, mikono ameiweka mgongoni, anachimba kwa mdomo. Anabeba udongo, anatema pembeni, anarudi. Shimo lilikuwa la duara, zuri, safi. Na alikuwa ananguruma.

"Leonsi, kaka, inuka," nikasema, nikakanyaga ukingo wa shimo.

Alinirukia mdomo wazi. Ndugu yangu wa tumbo moja! Kama Yustina asingenivuta, leo nisingekuwa na mdomo wa kuwasimulia.

Ikawa hivyo kila mvua. Watoto wakapelekwa kwa bibi yao, majirani wakahamisha njia. Yustina hakuondoka. Hatimaye mvua moja kubwa ilijaza shimo, na asubuhi tukamkuta humo amekufa, mashavu yamejaa udongo. Tulijaribu kuutoa kabla ya kumzika. Haukuisha.

Mimi niliacha ziwa, nikahamia Ilembo, nalima mahindi. Samaki sigusi. Nyie mnaokwenda kuvua mvua za kwanza, sikilizeni tu mkipenda, wekeni masikio kwenye upondo mpaka mchoke. Lakini msimjibu. Hamjui ni nani anayenguruma huko chini.

Asiyeamini aende Majimoto akamuulize Yustina, bado yupo hai. Ila asiende siku ya mvua. Mvua ikinyesha yule mama hafungulii mtu mlango, hata mimi shemeji yake.