Chokaa ya Mama Osea

Asubuhi ile mke wangu Yunisi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Mimi nilikuwa nasubiri uji upoe. Ndege ikapita, hizi za siku hizi zinazokwenda juu sana. Kuku wakakimbilia chini ya ghala. Watoto wa jirani wakatoka mbio kuitazama. Yunisi hakuinua uso.

"Imepita," nikamwambia.

"Ipite. Kunywa uji wako, Baba Osea. Umeupuliza mpaka umekuwa maji."

"Ni wa moto."

"Wa moto tangu jogoo. Mdomo wako ndio umezeeka."

Akacheka kidogo. Halafu akaniambia jambo moja kuhusu siku atakayokufa, akachukua jembe, akaenda shambani. Mchana wakamleta kwenye machela ya miti. Alikuwa ameanguka kwenye tuta. Hakusema tena.

Watu walimwita Mama Osea mpaka mwisho. Osea alikuwa mtoto wetu wa kwanza. Alikufa kwa surua akiwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Tulimzika kwenye shamba letu la ulezi hapa Chapwa, ndani ya mkeka aliousuka mama yake. Tukaweka msalaba wa mti. Yunisi alikuwa akipalilia ulezi, na akifika pale anapumzika na kuzungumza naye.

Kisha ndege za barua zikaanza. Zilitoka Mbeya, zikapita juu yetu kwenda Mpika, na kutoka huko hadi nchi za kusini kabisa. Zilikuwa na mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine, na kamba za chuma katikati. Zilibeba magunia ya barua na wazungu wachache. Mawingu ya milima yetu yalizisumbua. Serikali ikataka uwanja wa dharura, mahali pa kukimbilia ndege ikishindwa kuendelea. Wakatafuta tambarare. Tambarare ilikuwa shamba letu.

Wakati huo mimi nilikuwa Lupa, nachimba dhahabu ya watu. Yunisi alikuwa peke yake. Bwana wa serikali alikuja siku moja, akapiga vigingi, akaondoka. Kigingi cha katikati kilisimama hatua chache tu kutoka kwenye msalaba wa Osea. Kazi ikabaki kwa nyapara, jina lake Sadoki. Huyu alikuwa amefanya kazi kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, akarudi na kofia na maneno ya Kibemba. Kila mwanamke alimwita "mayo", yaani mama, hata yule aliyetoka kumpiga.

Yunisi akamwendea na kuku.

"Sadoki, mwombe bwana. Mwanangu yuko pale. Wasimkanyage."

Sadoki akampokea kuku, akampima uzito mkononi. "Bwana amekwisha kuona, mayo. Ndiyo maana ameagiza pazungushiwe mawe meupe. Si umeona misheni, makaburi ya wazungu?"

"Nimeona."

"Yana nini?"

"Mawe. Yamepakwa chokaa."

"Kuna mtu anakanyaga mle?"

"Hakuna. Hata mbuzi anafukuzwa."

"Basi. Msalaba lazima uondoke, na tuta lisawazishwe, ni sheria ya uwanja. Lakini wewe upange mawe, uyapake. Chokaa ikiwa nyeupe, ndege haitagusa."

Alishukuru. Alipiga magoti, aliniambia mwenyewe. Akabeba mawe kutoka mtoni kwa kichwa. Akayazika mpaka yakabaki usawa wa ardhi, kama alivyoelekezwa, akafanya duara kubwa, na Osea akawa ndani. Kila mvua iliposhusha chokaa, alipaka upya. Chokaa ilimla vidole. Kucha zikatoka, ngozi ikapasuka, usiku alizipaka mafuta ya mbarika na hakulalamika. Na kwa shukrani, Yunisi alimlimia Sadoki maharage yake bure, msimu baada ya msimu.

Niliporudi kutoka Lupa alinipeleka kuona. Alisimama nje ya duara, hakuingia.

"Tazama," akasema. "Mwana wa mfalme hana kaburi kubwa hivi."

Na mimi niliamini. Misheni ilikuwa hivyo hivyo.

Miaka ilipita na hakuna ndege iliyotua. Zilipita juu. Yunisi alizipungia mkono, kwa sababu zilikuwa na adabu.

Siku iliyotua ilikuwa ya mvua za mwezi wa tatu. Wingu lilikuwa limekalia milima. Tuliisikia ikizunguka juu bila kuiona, inakwenda, inarudi, sauti inakohoa. Sadoki akapuliza filimbi. Tukakusanyika, tukachoma majani mabichi ili moshi umwonyeshe rubani upepo unakotoka. Ikachomoza kwenye wingu, chini kabisa.

Yunisi alinishika mkono. Hakuwa na hofu. "Itapita pembeni," akasema. "Imeona chokaa."

Ilikuwa imeona. Ikaja moja kwa moja.

Ardhi ya uwanja ilikuwa ngumu, tulikuwa tumeishindilia kwa magogo. Ardhi ya kaburi haigandi vile, na mvua ilikuwa imeilainisha. Gurudumu likapita juu ya mawe, likafika katikati, likazama hadi kwenye ekseli. Ndege ikainamisha pua na pangaboi ikavunjika vipande. Wazungu wakatoka mmoja mmoja, mwanamke mmoja akatapika kwenye kofia yake. Hakuna aliyeumia.

"Majembe!" Sadoki akapiga kelele. "Chimbeni gurudumu! Wengine kamba!"

Mimi nilitiwa kwenye kamba. Yunisi alikimbia akalala kifudifudi mbele ya gurudumu. Sadoki akamvuta mguu, akamburuta kwenye tope mpaka nje ya duara. Nilipoachia kamba, askari mmoja aliyekuwa na Sadoki akanipiga kitako cha bunduki hapa kwenye bega. Bado linauma wakati wa baridi. Watu wakachimba. Majirani zetu hao, waliokula kwetu. Gurudumu lilipoinuka lilikuwa limezungukwa na ukili wa mkeka. Na si mkeka tu.

Sadoki akatazama. Akamgeukia Yunisi.

"Mayo, usilie. Mwanao amepanda ndege. Nani mwingine hapa Chapwa amepanda ndege?"

Wako waliocheka. Ninawajua kwa majina. Wengine niliwazika mwenyewe.

Rubani hakujua kinachochekwa. Alikuwa kijana, mwekundu usoni. Alikuja akiuliza jambo, Sadoki akamtafsiria.

"Bwana anasema tangu atoke Mbeya hakuona kitu chini, mawingu tu. Mara akaona duara hili. Anasema njia yote hii hakuna jeupe kama hili, limewaokoa. Anauliza nani hupaka."

Akamnyooshea Yunisi kidole. Yule kijana akaenda alipokuwa amekaa kwenye tope, akamshika ule mkono ulioliwa na chokaa, akautikisa. Akarudi kwenye ndege, akamletea bati la biskuti lenye picha ya maua.

Yunisi akamwambia Sadoki, "Muulize. Hii chokaa, kwao maana yake nini?"

Sadoki hata hakumuuliza. "Maana yake ni tua hapa."

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Ningekwambia, nani angepaka vizuri namna hii?"

Yunisi akafungua bati, akamwaga biskuti kwenye tope. Watoto wakazigombania. Akaingia ndani ya duara kwa mara ya kwanza tangu alipolipanga. Alipiga magoti kando ya lile shimo, akaokota, akapangusa, akaweka ndani ya bati. Alitafuta kwa muda mrefu. Hakutaka nimsaidie. Akafunga kifuniko, akaenda nalo kwenye shamba jipya tulilopewa badala ya lile la uwanja, akanikataza kumfuata. Alipolizika hakuweka jiwe, aliniambia baadaye. Alimwaga mbegu za ulezi juu, akaharibu nyayo zake kwa tawi. Mpaka leo sijui ni wapi.

Wiki iliyofuata Sadoki akaja na pipa la chokaa. Amri ilikuwa amri, duara limechafuliwa na magurudumu, lipakwe. Yunisi akalipaka. Alilipaka mpaka barua zilipohamishiwa njia ya pwani, kwa ndege zinazotua kwenye maji. Hakuna aliyekuja kutuambia. Ndege ziliacha tu kupita. Majani yakaota juu ya mawe. Vita ilipokuja zikapita ndege za askari, na hizo hazikututazama. Shamba hatukurudishiwa.

Sadoki naye alizeeka vizuri. Sasa ni mzee wa kanisa, anakaa benchi la mbele. Hakuwahi kuomba radhi, na Yunisi hakuwahi kumjibu salamu.

Siku ya maziko alikuja kwangu na ndoo na brashi. Watu walikuwa wamejaa uani.

"Pole, Baba Osea. Nimeleta chokaa ya kaburi. Marehemu alikuwa fundi wa chokaa, lazima lake ling'ae."

Nikamwambia arudi nayo. Akauliza kwa nini, mbele ya watu, kwa sauti ya mzee wa kanisa. Nikamwambia alichoniambia Yunisi asubuhi ile, akiwa ameshika ungo wa maharage:

"Nikifa msiniwekee mawe, wala msinipake chokaa. Pandeni ulezi juu yangu, asinione mtu."