Maharage ya Bibi na Swali la Tisa

Mwaka wangu wa pili chuoni, hapa Morogoro, niliishi chumba kimoja na mwanafunzi kutoka Malawi aliyekuja kusomea kilimo. Kibali chake cha kuishi nchini kilikuwa cha masomo tu: kilimtaka ajisajili kila muhula, na kilimkataza kufanya kazi yoyote ya malipo bila idhini. Masharti hayo aliyabandika ukutani juu ya kitanda chake, mahali ambapo wengine huweka picha za jamaa zao.

Likizo ndefu ilipofika, nauli ya kwenda kwao haikupatikana. Nikamchukua hadi kwa bibi yangu, milimani juu ya Mlali, anakolima maharage na kabichi kwenye miteremko. Siku mbili bibi alimpikia na kumtandikia kitanda. Asubuhi ya tatu akamkabidhi jembe.

"Bibi, huyu ni mgeni!" nikasema.

"Alikuwa mgeni jana. Au unataka tumwonee haya mpaka aondoke?"

Rafiki yangu alilipokea kwa mikono miwili. Alipofika shambani alisimama akacheka. "Kwetu shamba limelala," alisema. "Hili la kwenu limesimama!" Alilima wiki tatu, akiteleza na kutaniwa na mabinti wa jirani, na siku ya kuondoka bibi akamfungia kiroba cha maharage. "Ujira wako huo," akamwambia, wote wakacheka.

Mimi sikucheka vya kutosha. Muhula ulipofunguliwa, fomu ya usajili wa wanafunzi wa kigeni iliuliza, katika swali la tisa, kama mwanafunzi alifanya kazi wakati wa likizo na kupokea malipo, ya fedha au ya vitu. Rafiki yangu alikuwa ameshaweka kalamu penye "Hapana". Mimi ndiye niliyemzuia. Wakati huo niliamini, na bado naamini, kwamba nchi haijengwi na watu wanaodanganya kwenye fomu ndogo huku wakiingoja siku ya kusema ukweli mkubwa. "Ulilima," nikamwambia. "Ukapewa maharage. Andika ndiyo."

Akaihamisha kalamu hadi penye "Ndiyo", akaandika na maharage yenyewe.

Jumatano tukaarifiwa kwamba usajili wake umesitishwa. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa Ijumaa. Bila usajili kibali kisingeongezwa muda, na bila kibali angerudi kwao na nusu ya shahada. Hakunilaumu. Aliyabandua masharti yake ukutani, akayakunja, akayatia ndani ya begi. Afadhali angenitukana.

Alhamisi ni siku ambayo bibi hushusha mboga sokoni Mwembesongo. Nilimkuta akipanga kabichi, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo maharage yangu yamemfukuza chuo mtoto wa watu?"

"Si maharage, bibi. Ni mimi."

"Haya, tangulia." Akamwachia jirani meza yake, akajifunga kanga safi, akanifuata hadi chuoni.

Afisa wa wanafunzi wa kigeni alisimama alipomwona. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia siku hizi mimi ni tajiri, nina vibarua kutoka ng'ambo."

Afisa akakizuia kicheko, akafungua jalada. "Mlikubaliana kwamba akilima atapata maharage?"

"Nikubaliane na nani? Mgeni siku ya tatu anapewa jembe. Asiyepewa, ama anaumwa, ama hatujampenda."

"Na asingelima?"

"Angeondoka na maharage hayo hayo, na watu wangemsema. Padri alikuja kubariki mbegu, hakugusa hata jani, akaondoka na debe zima. Naye ni kibarua wangu?"

Hapo afisa alishindwa, akacheka. "Mimi ukweni, Dakawa, waliniingiza kwenye majaruba ya mpunga siku ya pili."

"Ya pili? Hao wana haraka."

Kisha afisa akanigeukia, na sauti yake haikuwa tena ya utani. Alisema sheria ile inamlenga mtu anayeajiriwa kwa ujira, na kwamba bibi hakumwajiri mtu. "Kusema kweli ni vizuri, dada. Lakini mlipokuwa na shaka, dirisha hili lilikuwa wazi. Mngeuliza." Nilikuwa nimeulinda ukweli kwa bidii pasipo kuchunguza swali linataka nini, na gharama ya bidii hiyo nilikuwa nimemwachia mwingine ailipe.

Afisa aliyaandika maelezo ya bibi, na bibi akatia sahihi polepole, kwa mwandiko wa shule ya misheni. Ijumaa kabla ya adhuhuri, rafiki yangu alikuwa amesajiliwa.

Jioni hiyo tulipika yale maharage, tukala hadi tukaegemea ukuta. Masharti yalikuwa yamerudi juu ya kitanda chake, yakiwa na alama za mikunjo.

Likizo iliyofuata tulipanda tena mlimani. Bibi alimpokea begi, akampa maji ya kunywa, kisha akamkabidhi jembe siku ile ile.