Komite ya Watu Kumi na Wanne

Nilirudi Kalemie na shahada yangu ya siasa na utawala wiki tatu tu kabla vita havijakata njia ya Lubumbashi. Haraka ndiyo iliyoniponza: nilitaka Papa, baba yangu, aione ile diplome kwa macho yake. Akaiona, akafurahi, na treni ikasimama. Nchi ikagawanyika, na mimi niliyesoma miaka mitano jinsi nchi inavyoongozwa nikajikuta upande usio na wizara wala mtu wa kumpelekea barua ya kuomba kazi.

Chuoni tulikuwa tumeshajigawia vyeo vyote. Huyu balozi, yule gavana. Mimi nilijichagulia kuwa msimamizi wa teritware, yaani wilaya, maana nilipenda wazo la kukaa ofisini, kwenye biro yenye bendera na kuamua mambo ya barabara. Sasa, kati ya wenzangu wawili waliokuwa mjini, mmoja alifundisha uraia na wazazi wakamlipa mihogo, na mwingine alivuka ziwa kwenda Kigoma kuleta sabuni na chumvi. Mimi nilimsaidia Mama kuanika ndagala, wale samaki wadogo, na kuwafukuza kunguru. Kunguru walinidharau kabisa.

Papa, aliyekuwa amefanya kazi ya reli maisha yake yote, alianza kuogopa diplome ileile aliyoisubiri. Neno politiki lilikuwa limekuwa neno la kutisha.

"Kwenye bariyeri askari wakikuuliza ulisoma nini, sema kushona," aliniambia.

"Papa, sijui kushona hata kifungo."

"Hawatakupa kifungo."

Nilikasirika siku nzima. Mimi ni mtu wa hasira, nakiri, na hasira ya kuambiwa ufiche kitu ulichokitolea jasho haina dawa.

Halafu siku moja, kwenye ukuta wa shirika moja la msaada, nikaona tangazo. Walitafuta mtu wa kupanga uongozi wa pompi za maji kwenye mitaa iliyopokea wakimbizi wa vita, na walitaka aliyesoma utawala. Nililisoma mara tatu, nikapiga kelele palepale barabarani, mpaka mama mmoja muuza mikate akaniuliza kama nimefiwa.

Tulijitokeza wanne. Mkuu wa biro, papa mmoja mnene wa Bukavu (kwetu kila mzee ni papa) mwenye sauti ya upole, alitugawia kila mmoja pompi yake. Wiki mbili, akasema, halafu atapita kuangalia; nafasi ni moja. Nilitoka pale miguu haigusi chini. Nilijua wazi kwamba nikiikosa hiyo nitarudi kwa kunguru, na safari hii moja kwa moja.

Pompi yangu ilikuwa karibu na reli. Wenyeji wa mtaa walisema ni yao kwa sababu imesimama kwao. Wakimbizi, wengi wao watu waliotoka upande wa Moba kwa mitumbwi na kwa miguu, walisema ni yao kwa sababu imechimbwa kwa ajili yao. Wote walisema kweli, na hapo ndipo palipokuwa na shida.

Basi nikafanya nilivyofundishwa. Nikachora mchoro mzuri kwenye karatasi kubwa, visanduku na mishale, nikaitisha uchaguzi. Sijui nchi nyingine, lakini kwetu ukisema komite, kila mtu anasikia cheo. Tukapata prezida, makamu wawili, katibu na naibu wake, washauri sita, msemaji, mwangalizi wa nidhamu, na mzee mmoja akaomba awe prezida wa heshima. Jumla watu kumi na wanne. Walipiga makofi, nami nikapiga, nikijiona msimamizi wa teritware mwenyewe.

Kesho yake pompi haikufunguliwa. Prezida alikuwa na ufunguo, na prezida alikuwa shambani. Makamu wa kwanza alisema hajakabidhiwa, wa pili akasema hawezi kumruka wa kwanza. Siku ya tatu pompi ilifunguliwa, lakini hakuna kiongozi aliyekubali kusimama kwenye matope kupanga foleni, hiyo si kazi ya kiongozi. Wenyeji walijipitisha mbele, wakimbizi wakasukuma, ndoo zikapasuka, vitenge vikachanika. Niliwafokea wote kumi na wanne mpaka sauti ikakauka. Wakaniambia wataliandikia jambo hilo ripoti.

Siku ya sita nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, nimekata tamaa, nikimtazama mama mmoja wa mtaa, jeuri wa kupindukia, akiweka ndoo yake mbele ya wote kama kawaida. Mama mkimbizi, mrefu, aliyekuwa na kitambaa chekundu kichwani, akamsogelea.

"Weye mama, uko wa ukoo gani?"

"Wa mbuzi. Sasa?"

"Mbuzi!" yule mama akapiga makofi. "Na miye njo chui! Mbuzi anasimama mbele ya chui? Rudi nyuma, mboga yangu weye, nisikukule na pembe!"

Niliruka kutoka kwenye jiwe, nikidhani sasa damu inamwagika. Foleni nzima ikaangua kicheko. Na yule jeuri, ambaye prezida, makamu na mimi mwenye diplome tulishindwa naye, akacheka mpaka akajishika mbavu, akabeba ndoo yake na kwenda nyuma.

Walikuwa watani. Upande wetu wa ziwa, watu wa ukoo wa chui na wa ukoo wa mbuzi hutaniana hata kama hawajawahi kuonana. Mtani anakutukana na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako, na kesho ndiye atakayeshughulika na maziko yako. Nilikua nikiwaona watani msibani, wakiiba vyungu vya wafiwa na kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Miaka mitano ya chuo, sikuwahi kufikiri kwamba ule nao ni utawala!

Niliacha kuuliza vyeo, nikaanza kuuliza koo. Kila asubuhi mama wa chui na mama wa mbuzi, mmoja mkimbizi na mmoja mwenyeji, walishika pamoja ufunguo niliouchukua kwa prezida, wakapanga foleni kwa matusi. Aliyejipitisha alitukanwa mpaka babu yake. Watu walianza kufika mapema ili wasikose maneno ya siku hiyo. Prezida wa heshima aliendelea kuja na kiti chake, akakaa, akaheshimiwa.

Wiki mbili zilipokwisha mkuu wa biro alikuja. Foleni ilikuwa imenyooka, maji yanatoka, watu wanacheka. Akautazama mchoro wangu, ambao prezida alikuwa ameubandika kwenye mti kwa ajili ya mgeni.

"Mademoiselle, komite yako inatumika muzuri sana," akasema, akitoa kalamu.

Ningeweza kunyamaza. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake, na washauri sita walikuwa wakinikonyeza. Lakini nilimwona mama wa kitambaa chekundu amesimama kwenye matope tangu alfajiri, na ile hasira yangu ikanipanda, safari hii dhidi yangu mwenyewe.

"Komite ilikufa siku ya pili, Papa. Hiyo karatasi ni yangu, lakini kazi ni ya hawa wamama." Nikamweleza yote, chui, mbuzi na matusi, huku nikijisikia nikiitupa kazi ile ziwani kwa mikono yangu miwili.

Akafunga kalamu.

"Nimepita pompi tatu," akasema. "Nimeonyeshwa komite tatu, na hapana hata tone ya maji. Wenzako wote waliniambia inaenda muzuri." Akanipa mkono. "Anza Jumatatu. Na ule mama, umulete. Naye tutamuandika kazi."

Nikageuka kumwambia mama wa kitambaa chekundu. Yeye alikuwa ameshasikia, na alikuwa tayari anazivua kandambili zake zilizonasa matopeni ili aje anikumbatie na miguu mitupu.