Dume yangu ilikosa kichwa kwa simu: vile nilichagua tools za website

Sopa wakuu.

Hii uzi nimeandika na mkono yangu na yote ni ukweli, hata zile sehemu zenye haziniletei heshima. Shule niliacha class four. Kama kuna spelling imepotea, iacheni, itarudi jioni na mbuzi.

Mimi nauza madume ya ng'ombe aina ya Sahiwal. Niko nje kidogo ya Kitengela. Nilianza na ndama moja kilema, saa hii watu wanatoka mpaka Rombo kuja kwangu kutafuta mbegu. Hakuna mtu alinishika mkono. Nasema hivyo ndio mjue mnaongea na nani.

Picha za ng'ombe nilikuwa natuma WhatsApp. Mtu anauliza dume, natuma. Mwingine anauliza, natuma tena. Siku moja pastor akapata dume, na mnunuzi akapata programme ya mazishi.

Akanijibu, "Pole sana. Lakini ng'ombe je?"

Hapo nikasema nitafute website.

Kuna jamaa wa websites ako na ofisi hapo mjini, mlango ya kioo, TV kubwa kwa ukuta. Nilienda na Naserian, binti ya ndugu yangu. Hiyo pia ndio kazi yake, lakini nilikuwa namwona kama mtoto wa nyumbani, na mtu wa nyumbani huwezi kumwamini haraka.

Jamaa akaweka picha ya dume yangu kwa TV. Nundu hapa, mkia kule. Ukuta yote ikawa ng'ombe. Akasema anatumia template, yaani nyumba imejengwa tayari, wewe unaingiza tu picha na maneno. Na akasema ni responsive.

Kwa wenye hawajui, responsive ni website kujipanga upya kulingana na kioo chenye imefunguliwa. Mimi nilidhani inamaanisha inajibu wateja haraka. Nikaipenda.

Naserian akasema, "Papa, mwambie aifungue kwa simu kwanza."

"Hii ni dume, si kuku. Itaingiaje kwa simu?"

Alinyamaza. Akiniheshimu hunyamaza. Akinidharau pia hunyamaza. Sijui hiyo siku ilikuwa gani.

Website ikawa hewani. Link nikatumia kila mtu mwenye namjua, na wengine siwajui.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa mzee Parmuat wa Rombo. Huyu wafugaji wenzake walikuwa wamemtuma awachagulie dume.

"Shore, rafiki yangu, masikio ya hii ng'ombe iko wapi?"

"Iko kwa kichwa."

"Kichwa iko wapi?"

"Si iko mbele."

"Mbele hakuna. Nyuma pia hakuna. Umeweka tumbo."

"Parmuat, naiangalia saa hii kwa laptop. Masikio naona mbili."

"Na mimi naiangalia saa hii. Unasema mimi ni kipofu?"

Niwaeleze kidogo. Kwetu kila familia iko na vile inakata sikio ya ng'ombe yake. Hiyo ndio logbook, cheti ya kuonyesha mwenye mali. Mwizi akiiba, kitu ya kwanza anahangaika nayo ni sikio. Sasa mtu akikuuzia ng'ombe na amekuonyesha kila mahali isipokuwa sikio, huulizi tena bei.

Parmuat akasema, "Mimi nilidhani nakujua." Akakata.

Hiyo maneno haikubaki Rombo. Siku ya soko Kiserian watu walinisalimia na ncha ya vidole. Mzee mmoja akaniuliza mbele ya watu, kwa upole kabisa, kama madume yangu inakuja na kichwa ama kichwa inauzwa kando.

Pesa inaweza kurudi. Jina ya mtu wa ng'ombe ikitoka, imetoka.

Nikaenda kwa Naserian. Hakusema "nilikuambia". Alifungua tu simu yake akanipatia. Madume yangu yote ilikuwa matumbo. Tumbo ya kahawia, tumbo nyekundu, tumbo ingine ya kahawia. Hata mimi singenunua.

Akanieleza. Simu imesimama, ng'ombe imelala urefu. Template imeamriwa ijaze box, na chenye kinabaki nje kikatwe.

"Hiyo amri inaitwa cover, Papa."

"Cover ni kufunika?"

"Ni kufunika."

Kwa hivyo hata computer ilikuwa imekubali tumefunika.

Akasema kuna amri ingine inaitwa contain, hiyo inaingiza ng'ombe yote hata kama itaonekana ndogo. Nikamwambia aweke. Akasema hawezi, ile template imefungwa, ndani haiguswi. Nikapigia jamaa wa mlango ya kioo. Akasema hiyo ni muundo ya kisasa, shida ni picha zangu, nipige zingine ng'ombe ikiwa wima.

Ng'ombe wima. Nikakata simu.

Tukaanza kuchagua upya. Naserian alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni page builder, yenye unavuta vitu na mouse unaweka mahali unataka. Ya pili ni kuandika mwenyewe HTML na CSS, zile lugha za website, na framework ndogo, yaani mifupa tayari ya kukusaidia, unaanza na kioo ya simu ndio uende kwa kubwa. Akazitengeneza zote mbili tulinganishe.

Ile ya kuvuta ilikuwa maridadi. Iliisha haraka na masikio ilionekana. Nilikaribia kuichukua hapo hapo.

Lakini ng'ombe hainunuliwi ikiwa imelala. Unaisimamisha, unaitembeza, unaangalia miguu. Nikamwambia Naserian tuzitembeze. Tukaenda Ewuaso Kedong, mahali network inakuja na kuondoka vile inapenda, tukaomba watu simu zao.

Mama mmoja wa duka alitupatia yake, kioo imepasuka mpaka kona. Tukafungua ile ya kuvuta. Karatasi nyeupe na kaduara kanazunguka. Mama akauzia mtu sukari, akapima mafuta, akarudi. Kaduara bado.

Tukafungua ile ya kuandikwa na mkono. Ikaingia. Dume ndogo, lakini kutoka pembe mpaka mkia.

Mama akaisongeza karibu na macho. "Na hii alama ya sikio ni ya kina nani?"

Hapo nikachagua.

Nikaongeza jambo moja. Chini ya kila dume iwe na picha ya sikio peke yake, kubwa. Naserian akasema hajawahi kuona website iko na sehemu imeandikwa MASIKIO. Nikamwambia sasa ameona.

Nikamtumia Parmuat link mpya. Hakujibu. Alikuja mwenyewe, na wazee wawili. Chai alikataa. Alienda mpaka kwa dume, akashika sikio na mkono moja, na ile ingine akaweka simu kando yake, akaangalia huku, akaangalia kule. Akaniambia nifungue kwa simu yangu pia, ahakikishe haikuwa imetengenezewa yeye pekee.

"Sikio ni yako," akasema.

"Najua."

Ndio akakubali chai. Lakini kwanza alipigia watu wake wa Rombo, akaweka loudspeaker, akawaambia kwa sauti: "Iko na kichwa. Nimeishika."

Miaka yote nimeuza ng'ombe sijawahi kusifiwa hivyo. Nilipokea.

Chenye nimejifunza ni hiki. Kabla uulize fundi anatumia tool gani, jua mnunuzi wako anashika simu gani na amekaa wapi. Uliza picha ikikosa nafasi ni nini itakatwa. Na uliza kama unaweza kufungua ndani urekebishe, juu tool yenye imefungwa ni kukamua ng'ombe ya jirani, siku akikasirika utakunywa chai ya rangi.

Sasa Naserian anataka kuweka video za madume ikitembea. Mimi naogopa kaduara. Wenye mmeweka video na website ikabaki nyepesi, semeni mlitumia nini. Na mkisema ilifanya kazi, semeni ilikuwa simu ya nani.