Mama Alipopanga Picha za Hoteli

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, nilipata kazi Kinondoni, kwenye ofisi ya watu watatu iliyokuwa inatengeneza tovuti. Mteja wetu mkubwa alikuwa hoteli moja ya Mbezi Beach. Mie nilikuwa naskani picha zao na kuziingiza kwenye kompyuta, zote folda moja: picha1, picha2, hadi mia mbili na kitu.

Ijumaa moja mwenye hoteli aliomba tubadilishe picha ya chumba. Nikachukua namba siyo. Ukurasa wa vyumba ukatokea na mpishi anaparua samaki. Bosi hakunigombeza. Alisema tu, "Mpaka Jumatatu uwe umezipanga."

Jioni nilimsimulia mama nyumbani Temeke. Alikuwa karani wa masjala wizarani, miaka kumi na tisa, mpaka walipopunguza watu. Tangu hapo alikuwa anauza vitumbua.

"Mnazipa majina gani?" akauliza.

"Namba tu, mama. Kama zilivyoingia."

"Sasa anayekuja kutafuta atajuaje iliingia ya ngapi?"

Jumamosi tukaenda wote. Alivaa sketi yake ya kazini na viatu vya kufunika, nikajifanya sijaona. Bosi akasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kumsaidia mwanangu."

Mausi ya kompyuta hakutaka kuigusa. Nilifungua picha moja moja, yeye akisema, mie naandika. Tukatengeneza folda ya vyumba, ya chakula, ya bwawa, ya bahari, ya watu. Vyumba tukavigawa tena, vya upande wa bahari na vya bustanini. Picha moja nilikuwa nimeiskani mara tatu. Akaniangalia mpaka nikafuta mbili.

Tulipofika kwa yule mpishi nikakwama. "Huyu aende kwa watu?"

Akafikiri. "Mtu akiitafuta hii, atakuwa anatafuta nini?"

"Chakula, nadhani."

"Iweke huko. Na uandike mpishi na samaki. Achana na namba."

Sauti ile nilikuwa sijaisikia miaka. Ndiyo iliyokuwa ikiwaambia wakubwa zake kwamba bila kusaini faili halitoki, mie nikiwa na sare ya shule nimekaa pembeni namsubiri.

Saa kumi tulikuwa tumemaliza. Bosi akanijaribu, akataka picha ya bwawa wakati wa jioni. Nikaifungua hata hajavuta kiti. Akageukia rafu yake iliyojaa karatasi.

"Mama, na haya makabrasha yangu je?"

Mama aliyatazama kwa huruma kidogo. "Haya yanataka wiki mbili."

Alikaa pale ofisini miaka miwili. Jioni tulikuwa tukirudi wote Temeke, tunabishana njia nzima kama picha ya harusi iliyopigwa ufukweni ni ya watu au ya bahari. Mara nyingi alishinda yeye, na kesho yake asubuhi nilikuwa naihamisha kabla hajaniuliza.