Marehemu wa Sebuleni Bado Anakunywa Chai

Saa mbili asubuhi, Mama Sebule anachomoa waya wa friji. Ikinguruma wakati wa kurekodi, mwongozaji hakaliki. Anavuta mapazia, anafukuza kuku uani, kisha anawakaribisha watu kumi na taa zao.

Jina hilo amepewa na majirani. Ni mwaka wa sita sasa anakodisha sebule yake kwa watengeneza filamu wa mji huu, ambao hawana studio. Hupigia picha majumbani, ndiyo maana watazamaji huona kwenye skrini makochi na vitambaa kama vya kwao. Malipo hutosha umeme na gesi, basi.

"Humu watu wameoana, wameachana, wameshikiana visu," anasema. "Kazi yangu mimi kufagia tu."

Safari hii wamezika. Filamu ni ya mjane, na mwongozaji alitaka picha ya marehemu mumewe. Jicho likamwangukia mume wa Mama Sebule, fundi viatu. Picha yake ikakuzwa, ikavishwa kitambaa cheusi na maua ya plastiki, ikatundikwa.

"Walinilipa soda moja nife," anasema mwenyewe.

Sheria ni kwamba filamu isipokwisha, hakuna kinachosogezwa. Kwa hiyo Jumapili iliyopita, upande wa kijana anayemchumbia binti mkubwa wa Mama Sebule ulipoleta posa, marehemu alikuwa bado ukutani. Mama Sebule alishaizoea picha hiyo, hata haioni tena.

Mjomba wa kijana akavua kofia. "Poleni sana jamani. Mbona hatukuambiwa?"

Kabla hajajibiwa, mlango wa uani ukafunguka, marehemu akaingia na sinia la chai. "Karibuni, karibuni!"

Shangazi mtu akapiga yowe. Lo! Maelezo yalitolewa, wee, lakini mjomba hakugusa kikombe. Alisema nyumba inayomlilia mtu aliye hai inajiitia mkosi. Wakaondoka na posa yao.

"Mama, wewe filamu, filamu, mpaka umeniharibia," binti alimwambia, na tangu siku hiyo amemnunia.

"Iliniuma, maana kasema kweli," anakiri mama.

Kijana amewabembeleza wazee wake, nao wamekubali kurudi Jumamosi. Onyesho la mwisho la mjane litarekodiwa Jumatatu. Mwongozaji ameonya kuwa picha ikishuka kabla ya hapo, hatakanyaga tena nyumba hii.

"Asikanyage," anasema Mama Sebule, akichomeka friji tena baada ya kazi. "Ijumaa naishusha, na msumari wake naung'oa. Nimewaozea watoto wa watu humu ndani, nishindwe kumwoza wangu?"

Mumewe ana mpango wake. Atavaa shati jeupe, awasubiri wageni getini, awashike mkono mmoja mmoja.

"Wanione nimesimama wima, napumua."

Kutoka jikoni, kwa mara ya kwanza wiki nzima, binti anacheka.

"Sawa baba. Ila siku hiyo, tafadhali, usisinzie kwenye kochi."